Mafuta kwenye ngozi ya chembe: juu ya nini askari wa mwili anaamka ao analala

Asubuhi ya baridi kule Lubero ao Masisi, mama anayeuza mafuta kwa kopo anajua shida moja: mawese imeshikana ndani ya bidon, haitoki. Anaiweka kwenye jua ao karibu na mbabula, na kisha muda mfupi inaanza kutiririka. Pembeni yake kuko bidon ya mafuta ya karanga, na ile haijashikana hata kidogo. Yote mawili ni mafuta, lakini moja inakuwa ngumu mbele ya ingine.

Jambo hilo la sokoni linatokea kila saa ndani ya mwili wa mtu, kwenye ngozi ya kila chembe. Na kwa chembe nyeupe za damu, wale askari wanaolinda mwili, ulaini ao ugumu wa mafuta hayo ni neno kubwa. Unasaidia kuamua kama askari ataamka anapokutana na adui, kama atapita kwenye mshipa mwembamba, na kama pigo lake litaingia ao litateleza. Wataalamu wamelichunguza jambo hili sana miaka hii ya nyuma, na baadhi ya yale waliyopata yanagusa magonjwa ambayo watu wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wanayajua vizuri: kifua kikuu, Ebola, kansa, na ile homa ya watoto ya kila siku.

Yanagusa pia neno moja linalotembea sana sokoni na kwenye simu: kolesteroli. Kuko watu wanaouza unga na maji ya mizizi wakisema dawa yao "inaondoa mafuta yote mwilini" na hapohapo "inapandisha kinga". Mtu akielewa ngozi ya chembe imejengwa na nini, ataona kama ahadi hizo mbili haziwezi kukaa ndani ya chupa moja.

Ukuta wa mafuta wa tabaka mbili

Mwili umejengwa na chembe ndogo ndogo zenye uhai, na kila chembe imefungwa na ngozi nyembamba sana. Vitabu vingine vinaiita utando. Ukikata milimita moja vipande milioni, unene wa ngozi hiyo unachukua vipande 5 hivi. Imejengwa zaidi na mafuta, na ndani ya mafuta hayo mumepandwa protini za kazi mbalimbali.

Namna mafuta hayo yalivyopangwa ilijulikana mwaka wa 1925, katika mji wa Leiden kule Uholanzi. Wataalamu wawili, Evert Gorter na François Grendel, walichukua chembe nyekundu za damu ya mtu, ya mbuzi, ya kondoo, ya mbwa na ya sungura. Walitoa mafuta yake, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka moja tu, wakapima. Mafuta yale yalienea fasi kubwa mara mbili kuliko ngozi ya chembe zenyewe. Maana yake ni kwamba ngozi iko na tabaka mbili za mafuta, moja juu ya ingine. Hesabu yao ilikuwa na makosa mawili, lakini makosa hayo yalifutana, na jibu likabaki la kweli mpaka leo. Katika sayansi bahati kama hiyo haiji mara nyingi.

Kila punje ya mafuta hayo iko na kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayokimbia maji. Vichwa vinatazama inje, mikia inajificha katikati. Sasa, kuko mikia iliyonyooka na mikia iliyopinda. Ile iliyonyooka inapangana sawa kuni zilizochongwa vizuri: inabanana, na ngozi inakuwa nzito. Ile iliyopinda inapangana sawa matawi ya porini: inaacha nafasi, na ngozi inabaki laini. Mawese iko na mikia mingi iliyonyooka, na ndiyo maana inashikana kwa baridi. Hata jina la asidi yake kubwa, palmitiki, linatoka kwa mti wenyewe wa ngazi. Mafuta ya karanga yako na mikia mingi iliyopinda.

Katikati ya mikia hiyo ndipo kolesteroli inakaa. Ni kitu kifupi na kigumu, sawa ubao mdogo uliosukumwa kati ya kuni. Kukiwa na joto, inashika mikia isicheze sana. Kukiwa na baridi, inaizuia isigande pamoja. Ndani ya ngozi ya inje ya chembe za binadamu, karibu punje moja juu ya tatu ni kolesteroli. Mwili wenyewe unaitengeneza, zaidi kwenye ini, hata kwa mtu asiyekula nyama. Chembe isiyokuwa nayo haiwezi kuishi.

Ile kolesteroli ambayo munganga wa moyo anaipima ni hadithi ingine kidogo. Ile inasafiri ndani ya damu, na ikizidi miaka mingi inajenga uchafu kwenye kuta za mishipa. Hatari hiyo ni ya kweli, na mwenye kupewa dawa yake asiiache. Lakini shida ya mishipa haifanyi kolesteroli yenyewe kuwa sumu. Mafuriko yakivunja nyumba, hakuna anayesema tuondoe maji yote duniani.

Antene zinazoogelea

Kati ya askari wa mwili kuko wale wanaoitwa chembe T. Kila moja iko na antene kwenye ngozi yake, na kila chembe T inatafuta adui mmoja tu: hii inatafuta kipande fulani cha virusi vya surua, ile kipande cha mdudu wa kifua kikuu. Chembe zingine, zenye kazi ya wajumbe, zinabeba vipande vya adui na kuvionyesha. Chembe T inapapasa mjumbe mmoja kisha mwingine, na mara nyingi haioni kitu. Siku inapoona kipande chake, antene zinakusanyika fasi moja, zinapeleka habari ndani, na chembe inaamka: inakua, inagawanyika, inazaa jeshi.

Antene hizo hazikupigiliwa misumari. Zinaogelea ndani ya mafuta. Mafuta yakiwa mepesi zinatembea haraka. Yakiwa mazito zinatembea pole pole. Mwaka wa 1997 Kai Simons na Elina Ikonen waliandika kwamba mafuta hayo hayako sawasawa kila fasi: kuko sehemu zilizobanana, zenye kolesteroli mingi, zinazoelea katikati ya mafuta mepesi, sawa majani yanayoelea kwenye ziwa. Protini fulani zinapenda kupanda juu ya majani hayo na kukutana pale. Wataalamu wamebishana sana juu ya visiwa hivyo, sababu ni vidogo mno na vinatokea na kupotea mbele mtu hajavipima vizuri. Mabishano hayajaisha. Lakini kwamba mafuta yanayozunguka antene yanagusa kazi yake, hilo halibishaniwi tena.

Mwaka wa 2016 yalitoka majibu mawili yanayoonekana kupigana. Kule Shanghai, China, kikundi cha Chenqi Xu kilichunguza chembe T zinazoua, wale makomando wa kinga. Ndani yao kuko protini moja yenye kazi ya kuchukua kolesteroli na kuifunga kwenye akiba. Walipoizuia protini hiyo, kolesteroli ilibaki mingi kwenye ngozi, antene zikakusanyika vizuri zaidi, na chembe zikapigana kwa nguvu na kansa ya ngozi kwa panya. Dawa waliyotumia, avasimibe, ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa watu kwa ajili ya shida ya mishipa, kwa hiyo haikuwa kitu kigeni kabisa.

Mwaka huohuo, kikundi cha Wolfgang Schamel kule Freiburg, Ujerumani, kilionyesha kitu kingine: punje ya kolesteroli inaweza kujishika kwenye antene yenyewe na kuiweka katika hali ya usingizi. Ikiwa pale, antene haiwaki ovyo. Ikitoka, antene inaweza kugeuka na kuwaka.

Basi kolesteroli inaamsha ao inalaza? Inafanya yote mawili, na inategemea iko fasi gani. Iliyo katika mafuta ya jirani inasaidia antene kukutana. Iliyoshika antene yenyewe inailinda isiamke bure. Na kuamka bure ni hatari ya kweli, sababu askari anayewaka bila adui anaanza kupiga mwili wake mwenyewe. Maneno "kupandisha kinga", yanavyosemwa kwenye matangazo, yanasahau upande huo wote. Mtu mwenye kinga inayowaka bila kipimo si mzima. Anaumia viungo, figo, ao ngozi.

Mkeka chini ya ngozi

Chini ya ngozi ya mafuta, chembe iko na mkeka wa nyuzi za protini inayoitwa aktini. Ugumu wa chembe nzima, ule mtu angesikia kama angeweza kuibonyeza kwa kidole, unatoka zaidi kwenye mkeka huo. Lakini mkeka umefungwa kwenye ngozi, na sehemu ya kamba zake inashikilia mafuta ya aina moja, ambayo wataalamu wanayaandika kwa kifupi PIP2.

Hapo ndipo mafuta na ugumu vinakutana. Chembe T inapotembea ndani ya damu, kamba ziko nyingi, mkeka umekazwa, na chembe ni ya mviringo, ngumu kiasi. Antene ikiwaka, habari ya kwanza kwenda ndani inapitia kukata PIP2. Vipande vyake viwili vinapeleka ujumbe wa kuamka, na papo hapo kamba zilizoshika PIP2 zinaachia. Chembe inalegea, inajitandaza juu ya mjumbe, na antene nyingi zaidi zinagusana na kile inachoonyeshwa. Kukata mafuta hayo kunafanya kazi mbili kwa mara moja: kupiga kengele na kufungua mkanda wa suruali.

Chembe nyeupe zingine zinafanya kinyume. Netrofili, wale wanaofika wa kwanza kwenye kidonda, wanapita kila mara kwenye mishipa ya mapafu ambayo mingine ni nyembamba kuliko wao wenyewe. Wanapita sababu ni laini, wanajifinya na kurefuka. Lakini wakipata harufu ya bakteria, mkeka wao unakaza, wanakuwa wagumu, na wanakwama palepale. Kwa mgonjwa wa maambukizo ya mapafu, kukwama huko kunaleta askari karibu na vita. Kwa mgonjwa ambaye maambukizo yameenea katika damu yote, netrofili wengi wanawaka kwa mara moja na kuziba mishipa ya mapafu ambayo haina adui, na hewa inakuwa shida. Sehemu ya ile pumzi fupi ambayo wauguzi wanaiona kwa wagonjwa hao inaanzia kwenye ugumu wa chembe zisizoonekana kwa macho.

Pigo linaloteleza

Chembe T inayoua inamkaribia adui, inajibana naye, na inammwagia protini moja inayoitwa perforini. Perforini inatoboa ngozi ya mafuta ya adui. Kupitia matundu hayo sumu inaingia, na adui anakufa. Mwaka wa 2016 kikundi cha Morgan Huse kule New York kilionyesha kwamba chembe inayoua haimwagi tu. Inasukuma na kuvuta ngozi ya adui palepale inapotoboa. Ngozi iliyovutwa inatobolewa kwa urahisi, sawa ngozi ya ngoma iliyokazwa. Iliyolegea inabonyea na kukwepa.

Hapo mtu atauliza: perforini ikimwagwa kati ya chembe mbili zilizobanana, juu ya nini yule anayeua asijitoboe mwenyewe? Jibu lilitoka Melbourne, Australia, mwaka wa 2019, na ni la mafuta tena. Ngozi ya chembe inayoua, kwenye fasi ile ya mapambano, iko na mafuta yaliyobanana sana, perforini haipati mwanya wa kuingia. Na ile inayoponyoka inanaswa na mafuta ya aina ingine yenye chaji hasi, pale inashikamana bila kutoboa. Askari anavaa nguo ya mafuta inayomkinga na risasi yake mwenyewe.

Kansa imepata ujanja wa upande huo. Chembe nyingi za kansa ni laini kuliko chembe nzima za mwili, na ulaini huo unazisaidia kupenya na kuenea. Mwaka wa 2021 kikundi cha Li Tang kule Lausanne, Uswisi, kilionyesha kwamba kolesteroli iliyojaa kwenye ngozi ya chembe za kansa inachangia ulaini wao, na kwamba chembe T inayopiga kitu laini hivyo inakosa fasi ya kukanyaga na kutia nguvu. Mtu akisoma hapa anaweza kushangaa, sababu juu kulisemwa kolesteroli inashika mikia isicheze. Ni kweli kwa mafuta peke yake. Lakini chembe nzima ni mafuta pamoja na mkeka wake, na kolesteroli ikitolewa kwenye ngozi, ngozi na mkeka vinashikana kwa namna ingine na chembe nzima inakuwa ngumu. Kikundi cha Lausanne kilitoa kolesteroli hiyo kwa kutumia aina ya sukari yenye umbo la pete, inayotengenezwa toka wanga. Chembe za kansa zikakaza, na chembe T zikawaua vizuri zaidi. Kwa panya, tiba ya chembe T pamoja na sukari hiyo ilifanya kazi kuliko chembe T peke yake.

Kwa panya. Neno hilo lisipitwe haraka. Sukari ile ilipigwa kama sindano ndani ya uvimbe wenyewe. Haikunywewa ili izunguke mwilini kote, sababu chembe T nazo zinahitaji kolesteroli yao, na mwili mzima nao pia. Tena, tiba za chembe T zinazotolewa leo kwa kansa fulani za damu zinagharimu mamia ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kule Marekani. Mtu wa Bunia ao Uvira mwenye uvimbe hana cha kungojea pale kwa sasa. Cha kwake ni kufika hospitali mapema, wakati uvimbe bado unaweza kukatwa.

Wadudu wanaoijua njia hiyo

Yale ambayo wataalamu wameanza kuyaelewa juzi, wadudu wa magonjwa wanayatumia tangu zamani. Mdudu wa kifua kikuu anaishi ndani ya makrofaji, chembe kubwa zinazokula takataka na bakteria. Kwa kawaida makrofaji inammeza bakteria na kumyeyusha. Mwaka wa 2000, kule Basel, Uswisi, John Gatfield na Jean Pieters walionyesha kwamba kolesteroli inakusanyika fasi ile bakteria wa jamii ya kifua kikuu anapoingilia, na kwamba makrofaji iliyopunguziwa kolesteroli haimwingizi vizuri. Kolesteroli hiyohiyo inasaidia kubakiza juu yake protini moja inayozuia asipelekwe kwenye tumbo la kuyeyushia. Miaka 8 nyuma yake ilionekana pia kwamba mdudu wa kifua kikuu anaikula kolesteroli ya mwenye nyumba, anaishi nayo miezi na miezi. Makrofaji inajaa matone ya mafuta, inakuwa sawa povu, na nguvu yake ya kupigana inapungua. Ndiyo sehemu ya sababu ya dawa za kifua kikuu kuchukua miezi na si siku chache: dawa inamtafuta mdudu aliyejificha kwenye ghala lenye chakula, na mwenye kuacha kisha wiki chache sababu anasikia nafuu anamwacha adui akiwa ameshiba.

Ebola iko na hadithi inayowahusu watu wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo moja kwa moja. Makrofaji na chembe-wajumbe ni kati ya chembe za kwanza kushikwa na virusi hivyo. Virusi vinamezwa, lakini haviwezi kufungua mlango wa ndani bila kushika protini moja inayoitwa NPC1. Na kazi ya kawaida ya NPC1 ni kubeba kolesteroli: kuitoa kwenye tumbo la chembe na kuirudisha kwenye ngozi zake. Jambo hilo lilitangazwa mwaka wa 2011. Virusi vinaingia kwa kushika mkono wa mbeba mafuta.

Mwaka wa 1995 mtu mmoja aliponea Ebola kule Kikwit. Miaka mingi nyuma yake, toka damu yake, kikundi cha Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wataalamu wa Marekani walipata kinga ambayo ikawa dawa mAb114. Dawa hiyo inajibandika kwenye virusi fasi ileile vinapotumia kushika NPC1. Mkono wa mbeba mafuta unabaki hewani. Wakati wa mlipuko wa 2018 mpaka 2020, ulioshika watu 3 470 na kuua 2 287, dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na zingine katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kati ya wagonjwa 100 waliopata mAb114, wapata 35 walikufa. Kati ya 100 waliopata dawa ya kulinganisha, ZMapp, walikufa karibu 50. Wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache, walipona zaidi. Mambo mengi mabaya yalisemwa juu ya vituo hivyo wakati ule, na mengine yalikuwa na sababu zake. Lakini dawa iliyotoka kwenye damu ya Mkongomani, na ikahakikishwa na wagonjwa Wakongomani, ilifanya kazi kwa sababu inayojulikana mpaka kwenye punje.

Homa, samaki na chupa za sokoni

Inabaki homa. Ikiwa joto linalegeza mafuta, basi mwili wenye digri 39 uko na chembe zenye ngozi nyepesi zaidi. Mwaka wa 2011, kule Buffalo, Marekani, wataalamu walipasha chembe T za panya mpaka joto la homa, na waliona mafuta ya ngozi yakilegea, visiwa vikikusanyika, na chembe zikiamka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo homa si kelele tupu. Ni chombo kimoja cha mwili.

Mtu asichukue maneno hayo kuacha mtoto na homa nyumbani. Huku kwetu mashariki, homa ya mtoto inaweza kuwa malaria, ile palu ya kila msimu, na mdudu wa malaria hangojei chembe T ziamke. Joto linaweza kusaidia askari wakati huohuo mdudu anamaliza damu.

Na chakula? Mafuta ya samaki yako na mikia iliyopinda sana, na imepimwa kwa watu: ukiyala kwa wiki kadhaa, mikia hiyo inaonekana kwenye ngozi ya chembe nyeupe. Ndani ya labo, chembe T zenye mikia hiyo zinaamka pole pole kidogo, jambo linaloweza kusaidia mwenye kuvimba viungo. Hiyo haimaanishi sambaza wa Ziwa Kivu ao ndagala wa Tanganyika ni dawa. Ni chakula kizuri, chenye protini ambayo mtoto wa utapiamlo anaihitaji mbele ya hesabu yoyote ya mikia. Mawese nayo iwekwe hivyohivyo: mikia yake imenyooka, ndiyo, lakini ile nyekundu isiyochemshwa sana inaleta vitamini A, na chembe haichukui mafuta ya sombe kama yalivyo na kuyapaka kwenye ngozi yake. Inachagua, inakata, inapinda, inajitengenezea mchanganyiko wake.

Kwa ajili hiyo unga wa "kuondoa mafuta yote" hauwezi kufanya unachosema. Hakuna mzizi unaojulikana kutofautisha kolesteroli ya chembe ya kansa na ile ya chembe T, wala ile inayolaza antene na ile inayoikusanya. Kikundi cha Lausanne, pamoja na mashine zao zote, walilazimika kuchoma sindano ndani ya uvimbe wenyewe. Mwenye kununua chupa hiyo anapoteza pesa, na zaidi ya pesa anapoteza siku. Mama aliyeinunua kwa ajili ya mtoto mwenye homa amechelewa kufika kwenye kituo cha afya, ambapo kipimo cha haraka cha malaria kinachukua tone moja la damu, na majibu yanatoka mbele ya nusu saa.